Macho Kabla ya Mpira

Mlango wa chumba cha waamuzi ulikuwa haushiki kitasa, kwa hiyo mtu hakuhitaji kubisha ili aingie. Lakini mwenye adabu hubisha hata mlango uliong'oka. Huyu hakubisha. Aliusukuma kwa bega, akaingia na begi lake mgongoni, akasimama katikati ya chumba kana kwamba yeye ndiye aliyekipiga rangi.

Miwani aliruka kutoka kwenye benchi. Alikuwa na suruali nyeusi ya kazi na fulana ya ndani, na shati la uamuzi lilikuwa bado mkononi. Alilikumbatia kifuani.

"Toka nje!"

"Samahani." Mgeni aligeuka haraka akautazama ukuta, lakini hakutoka. "Nimeambiwa hiki ndicho chumba cha waamuzi."

"Ndicho. Na mwamuzi ni mimi. Wewe ni nani?"

"Mwenzako wa leo." Aliinua mkono juu ya bega, kipenga kikining'inia kwenye kidole. "Yule mzee uliyepangwa naye amepandwa na presha asubuhi. Wamenipigia simu nikiwa juu ya paa la watu, nafunga kiyoyozi. Umeshavaa?"

"Bado!"

"Basi nitaendelea kuzungumza na ukuta. Na huu nao unahitaji plasta, maskini."

Miwani alitaka kukasirika, midomo ikamsaliti. Alivaa shati, akalichomekea vizuri, akasema, "Haya, geuka." Mgeni alipogeuka, kicheko kilimkauka Miwani. Juu ya jicho la kushoto la yule kijana palikuwa na jeraha bichi, limeshonwa kwa nyuzi nyeusi zilizosimama kama miguu ya jongoo. Chini ya jeraha hilo yalikuwa macho matulivu, macho ya mtu anayesikiliza hata kabla hujasema.

"Nani amekufanya hivyo?"

"Mchezo."

"Mpira wa kikapu hauna ngumi."

"Umeanza lini kuchezesha, mwenzangu?"

"Huu ni mchezo wangu wa kwanza mkubwa."

"Ahaa," alisema mgeni, na katika ile ahaa hamkuwa na dharau hata chembe. Ndiyo maana ilimuuma Miwani zaidi.

Jina la nyumbani la yule binti lilikuwa limesahaulika zamani. Mtaa mzima ulimwita Miwani kwa sababu ya kazi yake, maana kutwa alikuwa dukani akiwapima watu macho na kuwachagulia fremu. Alikuwa akiishi kwa kaka yake, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mabega mapana aliyeitwa Nondo. Wazazi walipofariki, Nondo ndiye aliyemlea. Alimnunulia viatu, alimpigania shuleni, alimfukuzia wavulana getini. Mkono uleule uliomlisha ndio uliovunja meno ya watu wengi mtaani, na Miwani alikuwa ameshazoea kuupenda na kuuogopa kwa pamoja.

Asubuhi ile walikuwa wamegombana. "Mwanamke kupuliza kipenga mbele ya wanaume ni kujitafutia matusi," Nondo alisema, huku akikaza ngozi ya ngoma yake. "Na wewe ukitukanwa, nimetukanwa mimi."

"Basi usije, kaka."

"Nisije? Timu yangu inacheza, nisije? Mimi ndiye kiongozi wa mashabiki! Wewe ndiye usiyetakiwa kuwa pale."

Mgeni alikaa kwenye benchi, akatoa vizibo viwili vya chupa na kuvipanga kati yao.

"Hiki ni wewe, hiki ni mimi. Mmoja akiwa chini ya kikapu, mwingine yuko nyuma ya mashambulizi. Aliye chini asiukodolee mpira macho muda wote. Mpira haujawahi kumpiga mtu ngumi. Angalia watu. Umenielewa?"

"Nimesoma hayo yote."

"Kusoma ni kusoma. Sasa, vikilia vipenga viwili kwa pamoja, wewe na mimi, tunainua ngumi juu, basi. Mikono isiseme kitu kingine mpaka tuangaliane tujue nani anaamua. Na kila mpira unaposimama, ukiwa umeushika wewe, usiutoe mkononi kabla hujanitazama. Macho kwanza, mpira baadaye."

"Hii ni ndoa au mchezo?"

"Ndoa ina nafuu. Watu hupewa uchumba kwanza."

Alicheka, naye Miwani akacheka, kisha wote wawili wakaacha ghafla kama watu waliogusana mikono gizani bila kukusudia.

"Kuna jambo lolote kuhusu mchezo huu ambalo napaswa kulijua?" mgeni akauliza.

Neno lilimfika Miwani kwenye ncha ya ulimi. Yule mpiga ngoma utakayemsikia ni kaka yangu. Lakini akisema hivyo, habari ingefika kwa kamishna wa mchezo, na yeye angerudishwa nyumbani na shati lake jipya.

"Hakuna," alisema. "Na wewe? Hizo nyuzi?"

Mgeni aligusa jeraha lake. "Hakuna."

Wakatoka, kila mmoja na 'hakuna' yake mfukoni.

*

Ukumbi ulikuwa wa mabati, na ngoma ya Nondo iliufanya utetemeke kama sufuria juu ya moto. Mashabiki walimwona Miwani, wakaanza.

"Muuza miwani! Jiuzie mwenyewe!"

"Dada, hicho kipenga au hereni?"

Alimezea. Mpira ukarushwa juu, na tangu dakika ya kwanza ilionekana kuwa wale vijana hawakuja kucheza tu. Nyota wa timu ya nyumbani, timu ya Nondo, aliitwa Twiga, mrefu kupita kiasi, mwenye viwiko vikali kama panga. Nahodha wa timu ya wageni alikuwa mfupi mnene, wenzake walimwita Kigingi, na kweli alisimama kama kigingi, ukimgonga unaumia wewe. Hawa wawili walikuwa na kisasi cha zamani. Twiga alimsukuma Kigingi mbavuni. Kigingi akamkanyaga. Robo ya kwanza haijaisha, mchezaji mmoja alikuwa ameshatolewa nje, jino lake likiwa kwenye kiganja, na sakafu ilipigwa deki mara mbili kufuta damu.

Miwani alipuliza mpaka mashavu yakamuuma. Mwanzoni alimtafuta mwenzake kwa macho kila mpira uliposimama, na kila mara aliyakuta yale macho matulivu yakimngoja upande wa pili. Kulikuwa na kitu kitamu ndani ya jambo hilo dogo. Watu mia kadhaa wanakutukana, na mtu mmoja tu anakutazama kukuuliza, uko sawa? Nawe unajibu kwa kope, niko sawa.

Halafu timu moja ikaomba mapumziko mafupi. Kamishna akamwita mgeni mezani, akamnong'oneza kitu sikioni. Miwani aliona shingo ya mwenzake ikigeuka taratibu kuelekea kwenye ngoma, kisha kumwelekea yeye. Tangu hapo hakuyapata tena yale macho. Alipoyatafuta, yalikuwa kwingine.

Likaja shambulizi moja la kasi. Twiga aliruka kuelekea kikapuni kama treni iliyokatika breki, na Kigingi akajitupa mbele yake. Walipogongana, mlio ulisikika hadi kwenye mabati. Vipenga viwili vikalia kwa pamoja.

Ngumi ya Miwani ilikwenda juu. Alikumbuka. Nusu ya kupepesa jicho alikumbuka. Lakini hakutazama. Alikuwa ameona wazi kwamba Kigingi alikuwa bado anatembea, hajasimama imara kumzuia Twiga, na hasira ya kutotazamwa ilikuwa imemjaa kifuani. Mikono yake ikashuka kiunoni kuonyesha kosa la mzuiaji, Kigingi. Na kule nyuma, mwenzake, aliyemfundisha mwenyewe kwa vizibo vya chupa, alikuwa ameshapiga ngumi kiganjani kuonyesha kosa la mshambuliaji, Twiga.

Mwamuzi mmoja huku, mwamuzi mmoja kule. Ukumbi ulilipuka.

Kwa sheria, ishara ikishatolewa hairudi mkononi. Ilibidi wachezaji wote wawili waandikiwe kosa, na kwa Twiga lilikuwa la nne. La tano lingemtoa nje. Chupa ya kwanza ikatua uwanjani. Twiga akamkaba Kigingi koo, Kigingi akamtwanga kichwa cha pua, na Miwani, alipojaribu kuwatenganisha, alipigwa kiwiko kilichomkalisha chini. Kengele ya mapumziko ililia kabla yeyote hajaandikiwa kosa jingine, ikawaokoa wote.

*

Chumbani mwao, waamuzi waliburuta benchi wakaliegemeza mlangoni. Nje watu walikuwa wakiugonga mlango kwa mateke.

"Yule mpiga ngoma ni kaka yako," mgeni alisema, akihema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza. Nilikuuliza kuna jambo, ukasema hakuna!"

"Ungemwambia kamishna!"

"Ndiyo, ningemwambia! Kwa hiyo ukaona bora unifanye mjinga?"

"Usinipigie kelele! Kigingi alikuwa anatembea, niko chini ya kikapu, nimeiona miguu yake. Wewe uliona nini kutoka kule nyuma? Ulimwona kaka yangu!"

Jiwe likagonga bati juu yao, likabingirika.

"Sema!" Miwani alimsogelea. Mdomo wake ulikuwa unavuja damu pale kiwiko kilipompata. "Uliona faulo, au uliona ndugu?"

"Sikuiona miguu," mgeni alisema hatimaye, sauti imeshuka. "Nilijiambia, huyu atawabeba watu wa kwao. Nikataka kukuwahi. Sikukutazama kwa sababu sikutaka kukutazama."

"Na mimi sikukutazama kwa sababu ulikuwa umeacha kunitazama. Umeambiwa kitu, ukanihukumu palepale. Si ungekuja kuniuliza? Hatua chache tu! Una miguu, una mdomo!"

"Na wewe ulikuwa na mdomo tangu nilipokuuliza."

Hilo lilimpata. Miwani alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Mateke mlangoni yaliendelea.

"Kweli," alisema. "Nilikuficha. Niliutaka mchezo huu kuliko nilivyotaka kusema kweli. Nisamehe."

Mgeni alitoa kitambaa kwenye begi, akakilowesha maji, akapiga magoti mbele yake. "Naruhusiwa?"

Miwani akaitikia kwa kichwa. Mgeni alimfuta damu mdomoni polepole, kwa mkono wa fundi uliozoea nyaya nyembamba, na Miwani aligundua kwamba vidole vya yule mtu vilikuwa vinatetemeka.

"Unaogopa?" akamuuliza.

"Sana." Hakukwepa. "Umeniuliza habari za hizi nyuzi. Ni mchezo uliopita. Watu walivamia uwanja, wakanizunguka. Nikamtafuta mwenzangu. Tulikuwa tumechezesha pamoja miaka, nimekula kwake, watoto wake wananiita baba mdogo. Nikageuza shingo, unajua niliona nini? Nikaona mgongo wake, anatoka mlangoni." Alijaribu kucheka. "Ngumi niliisahau. Ule mgongo ndio unanijia nikilala."

Miwani alimshika kifundo cha mkono, kitambaa kikiwa bado kimegusa midomo yake.

"Nisikilize. Hutauona mgongo wangu. Na mpira hautatoka mkononi mwangu kabla sijayaona macho yako. Si kwa sababu ni utaratibu. Kwa sababu nimesema mimi."

"Hata wakirusha mawe?"

"Hata wakirusha ukumbi wenyewe."

Walitazamana kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Mgeni ndiye aliyeinamisha uso kwanza.

"Kuna kitu kimoja zaidi," Miwani alisema. "Tupite kwa kamishna, nimwambie mwenyewe habari za kaka. Akiniondoa, aniondoe."

Mateke mlangoni yalipokoma, wakaenda. Kamishna alisikiliza, akakuna kidevu. "Habari hizo zilishanifikia. Nani mwingine wa kumweka? Mimi nina goti bovu. Chezesheni. Lakini taarifa nitaandika, na adhabu utaipata."

"Sawa, mzee."

*

Kipindi cha pili kilikuwa vita, lakini walipigana wakiwa upande mmoja. Mchezaji mwenzake Twiga alimrukia Kigingi, wakaona wote. Kigingi alimvuta mtu jezi mpaka ikachanika, wakaona wote. Mate ya shabiki yalitua shavuni kwa Miwani, akayafuta kwa mkono, akamtazama mwenzake. Uko sawa? Niko sawa. Vipenga vililia viwili mara tatu tena, na mara zote tatu ngumi zilibaki juu mpaka macho yamekutana na mmoja amekubali kwa kichwa. Hapo katikati ya matusi, Miwani alihisi jambo ambalo hakuwahi kulihisi hata katika mikono ya mwanamume yeyote aliyewahi kumwimbia mapenzi. Alihisi anaaminiwa.

Zilibaki sekunde chache. Timu ya nyumbani ilikuwa mbele kwa alama moja. Kigingi alipenya chini ya kikapu, akainuka na mpira, na Twiga akainuka naye. Kwa waliokaa jukwaani, mkono wa Twiga uligusa mpira, safi kabisa. Kwa Miwani, aliyekuwa chini yao, ule mkono ulipita kwenye kifundo cha mkono wa Kigingi kwanza, paa, mpaka vidole vikafunguka.

Mwenzake asingeweza kuona kutoka alipo. Aliyejua alikuwa ni yeye peke yake, na Nondo alikuwa amesimama na fimbo ya ngoma juu, anamtazama dada yake kama anayemwambia, thubutu.

Akapuliza.

Faulo ya tano kwa Twiga, mitupo miwili kwa Kigingi. Hakumaliza hata kuonyesha vidole mezani. Twiga alimjia, uso umekunjamana, na mgeni akaruka kati yao. Nyuma ya Twiga kizuizi cha jukwaa kilianguka, na watu wakamwagika uwanjani kama mchanga kutoka kwenye lori. Nondo alikuwa mbele yao. Hakumgusa dada yake. Alimpita, akamshika mgeni shati, akampiga ngumi ya jicho. Akampiga ya pili. Nyuzi zikakatika, damu ikaruka ikamchafua Nondo mwenyewe kifuani.

"Kaka, mwache! Kipenga nimepuliza mimi!"

"Huyu ndiye anayekufundisha kutudhalilisha!"

"Nimepuliza mimi, nimeona mimi! Nipige mimi basi!"

Mgeni alianguka. Mtu akampiga teke la mbavu. Miwani alijitupa juu yake, akapokea teke la pili mgongoni, na ni hapo tu Nondo alipogutuka, akawasukuma watu wake kando na kumnyanyua dada yake kwa kwapa kama alivyokuwa akimnyanyua zamani.

"Inatosha. Mlango mdogo ule pale, uko wazi. Twende nyumbani. Hakuna atakayekugusa ukiwa na mimi."

"Na yeye?"

"Kwani ni nani wako?"

Askari walikuwa wameshaingia na kuwarudisha watu nyuma ya mstari kwa virungu. Kamishna alikuwa anapiga kelele kwamba mchezo uishe haraka, mitupo ipigwe, watu waondoke wakiwa hai. Miwani alimtazama kaka yake. Alimwona mtu aliyemnunulia viatu vya shule kwa kuuza redio yake. Na alimwona mtu mwenye damu ya mwingine kifuani.

"Ni mwenzangu," alisema.

"Ukibaki hapa usirudi kwangu. Nguo zako utazikuta nje ya geti. Sitanii."

"Najua hutanii, kaka." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Ulinifundisha mwenyewe, mtu akisema amesema. Nimeshasema."

Nondo alisubiri. Aliposhindwa kusubiri zaidi, aliitupa fimbo ya ngoma sakafuni, akatoka kwa mlango mdogo. Miwani aliutazama ule mgongo mpana mpaka ukapotea.

Halafu akaokota mpira.

Alisimama chini ya kikapu. Kigingi alikuwa kwenye mstari wa kutupia, akipuliza vidole vyake vilivyovimba, na nyuma yake, mita chache tu, umati ulikuwa unavuta pumzi nyuma ya askari wasiotosha. Mgongo wa Kigingi ulikuwa wazi. Kazi ya kuulinda ule mgongo ilikuwa ya mwamuzi wa nyuma, na mwamuzi wa nyuma alikuwa amesimama pale kwa shida, ameinama, viganja magotini, damu ikidondoka kutoka usoni tone kwa tone.

"Toa mpira!" Kamishna alipiga kelele. "Toa tumalize, binti!"

Hakuutoa.

"Muuza miwani haoni! Toa mpira!"

"Anachelewesha! Amehongwa!"

Kopo likapita karibu na sikio lake. Aliukumbatia mpira tumboni, akamtazama mwenzake. Inua uso, akaomba moyoni. Inua tu. Jiwe dogo lilimpiga kwenye nyonga. Akabana meno. Halafu ikaja chupa, nzito, yenye maji nusu, ikamgonga mdomoni palepale penye jeraha la kiwiko. Dunia ikawa nyeupe. Alisikia kitu kigumu kikitembea mdomoni mwake, akajua ni jino. Miguu ilikunjika, akainyoosha. Vidole vyake havikuachia mpira.

"Mwenzangu!" aliita, na sauti ilitoka na damu. "Niko hapa. Nitazame!"

Labda alisikia sauti. Labda alisikia ukumbi ulivyoshtuka chupa ilipompiga. Mgeni alijinyoosha polepole, kama mtu anayebeba gunia, akainua uso. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa, limevimba kama andazi. Akatafuta kwa jicho moja lililobaki, akaipita meza, akawapita askari, mpaka akampata Miwani. Amesimama pale alipomwacha, uso wake umemwelekea yeye.

Akainua kidole, akagusa lile jicho zima, akatikisa kichwa kama anayeomba radhi. Leo ni moja tu, mwenzangu.

Miwani alicheka. Mdomo umejaa damu, nyumba hana, adhabu inamngoja, lakini alicheka, akamwitikia kwa kope. Limetosha.

Mgeni aliugeukia umati na kuukabili, akiulinda mgongo wa Kigingi. Ndipo Miwani alipoutoa mpira.